Jiwe la Kupandia Gari

Mafundi wa mtaani kwetu wanaliita gari langu "tumbo chini". Ni gari dogo la Kijapani, la watu watano wakibanana, usukani upande wa kulia, na lilitengenezwa kwa ajili ya nchi ambako barabara ni laini kama meza. Aliyelitumia huko kabla yangu labda hakuwahi kujua kwamba chini yake kuna kitu chochote. Mimi nakijua chote, kipande kwa kipande, kwa sauti. Jiwe likigusa bomba la moshi, linalia kama sufuria iliyoanguka. Likigusa karteri, kile kibakuli cha chuma kinachoshika mafuta ya injini, sauti ni fupi na nzito, nami moyo unanipasuka. Karteri ikitoboka, safari imekwisha na mshahara wangu wa ualimu umekwenda nayo.

Naishi Katindo, mtaa mmoja wa Goma, nyuma ya kambi ya wanajeshi, kwenye njia ambayo haijawahi kuonja lami. Ina makoro. Makoro ni yale mawe meusi yaliyoachwa na volkano. Tumeyajengea kuta, tumeyazibia mashimo, tunayakalia, tunayafungia milango isipigwe na upepo, na bado yanabaki tele. Yana matundu matundu na kingo kali. Mvua ikinyesha inachukua udongo na kuyaacha yamesimama, kwa hiyo njia niliyoipita juzi leo si ile tena. Mgeni akiendesha gari Goma anatazama mbele. Sisi tunatazama chini.

Tena tuna adabu yetu. Abiria wa gari dogo hangoji kuambiwa ashuke. Akiona dereva amepunguza mwendo na kuinua shingo, anafungua mlango mwenyewe, anatembea pembeni, gari linapita likiwa jepesi, kisha anapanda na mazungumzo yanaendelea pale yalipokatikia. Niliwahi kumpa lifti padri wa parokia yetu. Alishuka kila penye jiwe baya, ameshika kanzu yake juu ya magoti, na hakukatiza hata mara moja kisa cha ndugu yake wa Masisi aliyedanganywa kwenye soko la ng'ombe. Alikuwa akikimalizia kupitia dirishani.

Mtu mmoja tu ndiye niliyekuwa simshushi, naye ni mama yangu.

Mama ni mkulima wa Kalengera, huko kwenye barabara kuu ya Rutshuru. Vita vilimtoa kwake kama vilivyowatoa wengi. Siku ile lori lilisimama barabarani, watu wakaligombania, wanaume wawili waliokuwa juu wakamvuta mikono na mwingine chini akamsukuma makalio, akaangukia juu ya magunia. Nyonga yake ya kulia haijapona tangu hapo. Alilala kwanza kwenye kambi ya wakimbizi ya Mugunga, chini ya turubai, kabla sijampata na kumleta kwangu, kwenye chumba kilicho karibu na jikoni. Lakini akisimulia safari ile hataji nyonga wala turubai. Anautaja ule mkono uliomsukuma, majirani na wakwe zake wakitazama.

"Balinitupa mule sawa mufuko ya maharagi," alikuwa akisema. "Siku nitarudia Kalengera, nitashuka na miguu yangu miye mwenyewe. Mukinibeba, batu batasema nimekuya kufa."

Alilisema hilo mara nyingi sana, akichambua maharagi, akiosha miguu, hata akiwa kanisani kabla ibada haijaanza. Nilifika mahali nikawa nammalizia sentensi. Kwake haukuwa mzaha. Kurudi nyumbani kulikuwa jambo moja, na kurudi akiwa amekaa mbele, kisha akashuka mwenyewe watu wakimwona, kulikuwa ndilo jambo lenyewe.

Basi lile gari la tumbo chini, lililochekwa na kila mtu, lilikuwa saizi yake. Anafungua mlango, anakigeuzia kiti mgongo, anakaa kama mtu anayekaa kitandani, kisha anaingiza miguu, mmoja kwa mkono, wa pili wenyewe. Hakuhitaji mtu. Mwenzangu mmoja wa kazini mwenye gari refu aina ya jeep alisimama siku moja kumpa lifti ya kwenda kanisani. Mama akautazama mlango ulivyokuwa juu, akamshukuru, akamtakia baraka, akaendelea kutembea na fimbo yake. Alifika wakati wa mahubiri, amelowa jasho, ameridhika kabisa.

Na alikuwa na kazi yake ndani ya gari. Congo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo mwenye usukani wa kulia anakaa upande wa mtaro. Nikiwa nyuma ya lori, ninachokiona ni lori. Anayeona barabara ni aliyekaa kushoto, na huyo alikuwa mama. Mtu ambaye hakuwahi kuendesha hata baiskeli, alikuwa akiegemea dirisha lake, anachungulia mbele, halafu ananiambia kwa Kinyarwanda cha nyumbani kwetu: "Buhoro," yaani taratibu, bado. "Buhoro. Buhoro." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, "Genda!" Nenda. Nami nilikwenda bila kuuliza. Maisha yake yote alikuwa amevusha ng'ombe kwenye barabara kuu mbele ya malori, na alijua lori la mbali linachukua muda gani kuwa la karibu. Mimi ni mtu wa kubishana, nabishana hata na redio, lakini kwenye "genda" ya mama sikuwahi kubishana.

Barabara ya Rutshuru ilipopitika tena, simu ya kwanza ilitoka kwa dada yake mkubwa, mama yangu mkubwa, aliyekuwa ameshatangulia kurudi Kalengera. Nilisikia sauti yake ikitoka kwenye simu mpaka jikoni.

"Nyumba yako iko! Ni mulango tu njo baliiba. Kuya!"

Mama alikata simu, akanitazama.

Jirani yetu ni dereva wa lori la makala, yaani makaa ya kupikia, anashuka na kupanda barabara ile kila juma. Nilimuuliza kama tumbo chini litapita. Alicheka kwanza, halafu akaona sicheki. Akaniambia kwamba ukishapita Kibumba kuna mahali lami imekwisha, malori yamechimba mitaro miwili ya matairi, na katikati umebaki mgongo wa udongo na mawe.

"Gari yako itakaa apo juu ya tumbo, sawa kuku juu ya mayai," akasema. "Mama muzee apande kwangu. Tutamubeba vizuri."

Sikumpelekea mama ujumbe huo. Basi na lori ni vya kupandishwa, pikipiki na nyonga ile haviwezekani. Kama tumbo chini halipiti, mama harudi kwao kwa namna yake, na kwa namna nyingine alikuwa hataki. Nilichagua siku ya jua tukajaribu.

Mpaka Kibumba tulikwenda vizuri. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kijani cha sherehe na kilemba cha rangi hiyohiyo, anawasalimu kwa mkono watu asiowajua. Tulipofika kwenye mgongo ule nilisimama nikautazama. Mbinu ninaijua, kila dereva wa Goma anaijua: unapandisha tairi moja juu ya mgongo na lingine juu ya ukingo wa nje, unapita kama mtu anayevuka mfereji kwa kutanua miguu. Lakini siku ya jua ilikuwa Katindo tu. Huku mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na ukingo ulikuwa tope. Tairi la nje likateleza, gari likashuka, nikasikia ile sauti fupi na nzito. Nilikanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka tu hewani na kwenye tope.

Nyuma yetu lilikuja basi, wanaume wakashuka wakiwa wamekunja suruali. Mmoja wao, kijana wa adabu, akafungua mlango wa mama na kunyoosha mikono.

"Mama muzee, kuya tukubebe, utaenda kukaa kule pakavu."

"Mubebe gari," mama akamjibu.

Akatoa miguu, akachomeka fimbo kwenye tope, akasimama, akatembea polepole hadi pembeni, kitenge cha kijani kikifagia matope. Wanaume wakalishika gari mbele na nyuma, wakahesabu, wakalinyanyua na kulirudisha tulikotoka. Kwa hiyo siku ile aliyebebwa ni gari. Karteri ilikuwa imebonyea lakini haikutoboka. Nilipiga magoti kwenye tope nikaipapasa kwa mkono, nikamshukuru Mungu kwa sauti, wanaume wakanicheka.

Tulirudi Goma. Njiani mama hakuchungulia, hakusema buhoro wala genda, na mimi niliyapita malori kwa kubahatisha. Tulipofika uani alikaa kwanza ndani ya gari, mlango wazi, miguu nje.

"Gari yako haina kosa," akasema. "Ni fupi tu."

Hilo liliniuma kuliko kama angenilaumu. Kesho yake baada ya masomo nilipeleka gari kwa fundi. Yeye ana kipimo chake: anakunja ngumi na kuiingiza chini ya karteri. Mbele yangu aliisukuma, ikakwama.

"Unaona, mama?" akaniambia, maana kila mteja mwanamke humwita hivyo. "Ngumi haipite. Goma gari yenye ngumi haipite, hiyo ni ya kuenda nayo ku mariage, ku arusi tu. Tupandishe."

Akalipandisha. Aliweka vipande vya mpira mgumu juu ya springi, mbele na nyuma, akanitafutia matairi makubwa kidogo. Siku niliyokwenda kulichukua, aliingiza ngumi chini ya karteri na kusimamisha dole gumba juu yake, na dole halikugusa kitu. Alikuwa ameridhika na kazi yake na mimi nilikuwa nimeridhika naye. Nilirudi nyumbani kwa njia yetu mbaya, taratibu, nimepunguza redio ili nisikie. Sikusikia jiwe hata moja. Nilipita juu ya lile koro la kona linalonijua kwa jina, kimya kabisa, nikajikuta naimba.

Nilipiga honi uani. Mama akatoka, amejifunga kitenge cha nyumbani. Akalizunguka gari mara moja, akitikisa kichwa kwa kusifu. Kisha akafungua mlango wake, akakigeuzia kiti mgongo, akakaa.

Hakukaa. Kiti hakikuwa tena pale kilipokuwa. Kilikuwa kimepanda mpaka kiunoni mwake, na makalio yake yakagota kwenye chuma cha ukingo wa mlango. Akajaribu tena, kwa kujivuta na mkono. Nyonga ikakataa. Nikaruka kumshika chini ya kwapa, bila kufikiri, na nilipomgusa tu nikajua nimefanya nini. Akautoa mkono wangu taratibu, kidole kwa kidole.

"Umepandisha gari," akasema, "umenishusha miye."

Kwa lugha yetu maneno hayo ni ndugu. Fundi anapandisha, abiria anapanda. Juma zima nililitamka neno lile, pandisha, pandisha, kwa fundi, kwa jirani, kwa walimu wenzangu, na haikunijia hata mara moja kuuliza nani atapanda. Nilikasirika. Nikamwambia Goma ndiyo hii, makoro ndiyo haya, kama anataka nikayakate yote kwa panga kuanzia Katindo hadi Kalengera aniambie. Akaenda kukaa pale anapokaa kila siku, nje ya mlango wa jikoni, akavuta ungo wa maharagi.

Nilirudi kwa fundi kumuuliza kama anaweza kupunguza.

"Sasa nakupandishia, unasema nishushe?" Alishangaa kweli. "Mama muzee tutamubeba. Iko mwepesi."

Nilipita sokoni nikanunua kigoda cha plastiki, cha bluu. Mama alikikubali, akakikanyaga mguu mmoja, kikateleza juu ya kokoto, nikamdaka. Tulitazamana, kisha sote wawili tukakitazama kigoda kimelala ubavu. Leo kinakaliwa na kuku.

Asubuhi moja ya Jumamosi nilikuwa naosha vioo vya gari, mama amekaa mahali pake na ungo wake. Ghafla akaacha kuchambua. Akajitazama alipokaa. Anapokaa mama ni juu ya koro, moja bapa, pana kama sinia la wali, limesuguliwa na makalio ya wapangaji wote waliokaa nyumba ile kabla yetu. Akasimama kwa fimbo, akaligonga.

"Leta ile jiwe yangu."

"Mama, ni jiwe."

"Niko naona ni jiwe. Leta."

Makoro yenye matundu si mazito kama yanavyoonekana, ila yanakwaruza. Nikalibeba mpaka kwenye mlango wa gari. Mama akaniongoza kwa fimbo: huku, rudisha, geuza, hapo. Lile jiwe likauma ardhi kwa matundu yake yote na halikutikisika. Akaweka mguu wa kushoto, akaweka wa kulia, akasimama juu yake, mrefu kuliko mimi. Akakigeuzia kiti mgongo. Akakaa. Akaingiza mguu mmoja kwa mkono na wa pili wenyewe, akafunga mlango, akatazama mbele.

"Genda!" akasema, na injini ilikuwa imezimwa.

Nilicheka mpaka nikakaa chini, na sabuni mkononi.

Tangu hapo jiwe likawa kwenye buti la gari. Tukienda kanisani nashuka mimi kwanza, nazunguka, nafungua buti, natoa koro, naliweka chini ya mlango wake, yeye anashuka, nalirudisha. Mtaa mzima ulipata la kusema. Jirani wa lori alisimama siku moja kutazama, mikono kiunoni.

"Mwalimu, uko nabeba makoro ndani ya Goma? Yenye iko chini haitoshe?"

"Ile ya chini ni ya watu wote," mama akamjibu kutoka dirishani. "Hii ni yangu."

Safari ya pili tuliondoka siku ambayo hata Kibumba kulikuwa kukavu, jirani alinihakikishia. Kitenge cha kijani kilikuwa kimefuliwa na kupigwa pasi. Mama alikuwa na mfuko wake, na nilipouweka nyuma niliona ni mzito kuliko mfuko wa kwenda na kurudi. Nilidhani ni zawadi za mama mkubwa, sabuni na chumvi na sukari.

Kwenye barriere mojawapo, kile kizuizi cha barabarani, mwenye bunduki aliniambia nifungue buti. Akalitazama jiwe. Akalisukuma kwa kiatu.

"Hii ni nini?"

"Ni ngazi ya mama."

Akaja mbele kumtazama mama. Mama akamweleza kwa Kinyarwanda, kirefu, kuanzia nyonga, na nadhani alifika mpaka kwenye magunia ya maharagi. Yule mtu akasikiliza, uso haukubadilika, kisha akaenda mwenyewe kufunga buti na kutuashiria tupite. Nilimwona kwenye kioo akimweleza mwenzake, akionyesha kwa mikono upana wa jiwe.

Tulipofika kwenye mgongo nilisimama. Mama akaanza kufungua mlango, kwa adabu ya abiria. Nikamwambia akae. Nikapandisha tairi moja juu, lingine kwenye ukingo, nikaenda taratibu, shingo imekakamaa, nikingoja ile sauti. Kokoto zilichezacheza chini, kitu kimoja kikakwaruza bomba la moshi, basi. Tukatoka upande wa pili. Mama akanipiga begani kofi moja, kama anavyompiga ng'ombe aliyevuka vizuri. Mbele yetu kulikuwa na lori, na mbele yake lingine. "Buhoro," akasema, tayari ameegemea dirisha. "Buhoro. Genda!" Tulipita yote mawili kwa mkupuo, na akawapungia madereva.

Kalengera walitungoja barabarani. Mama mkubwa alikuwa mbele, na majirani, na wake wa shemeji zake, wale walewale wa siku ya lori, waliobaki. Mwanamume mmoja akakimbilia mlango wa mama.

"Muache," nikamwambia, kwa ukali kuliko nilivyokusudia.

Nikashuka, nikazunguka, nikafungua buti, nikalitoa jiwe. Wakasogea kutazama. Kule kwetu mtu haji kutoka Goma na jiwe. Nikaliweka chini ya mlango, nikalijaribu kwa mguu, nikasogea nyuma hatua kadhaa, mbali kiasi cha kutomfikia hata kama ningetaka. Mama akafungua. Akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili. Akashika fimbo, akasimama juu ya koro lake, akatengeneza kilemba, akawatazama wote mmoja mmoja, bila haraka. Kisha akashuka chini. Mama mkubwa akapiga vigelegele, na mimi nikajifanya nafunga buti kwa sababu nilikuwa nalia.

Tulikula viazi na maharagi, tukanywa maziwa. Nyumba ilikuwa haina mlango kweli, mama mkubwa alikuwa ametundika shuka. Mama alizunguka shamba lake na fimbo, akishika mgomba huu na ule. Alirudi na tope kwenye vidole vya miguu na uso ambao sikuwa nimeuona tangu vita. Alichambua mboga, akamkaripia mtu kwa sababu ya mbuzi. Niliketi nikamtazama, nikafurahi, na ndani ya furaha ile kukawa na kitu kidogo kinachonikera ambacho sikutaka kukijua.

Jua lilipoanza kulegea nikasema twende, barriere zinafungwa mapema. Nikaenda kuinua jiwe.

"Liache apo," mama akasema.

Nilikuwa nimeinama, vidole chini yake. Nikakumbuka uzito wa mfuko.

"Mama, hakuna mlango."

"Iko mukubwa wangu. Mulango batatengeneza."

"Na nyonga? Na dawa?"

"Utaleta. Gari yako si inafika sasa?"

Nilikasirika, nasema wazi. Nilitaka kumwambia kwamba sikupandisha gari ili aniache. Nilitaka kumwambia kwamba barabara iliyofunguliwa inaweza kufungwa, na hilo alilijua kuliko mimi. Lakini watu walikuwa wametuzunguka, na yeye alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe kwenye uwanja wake, na mimi ndiye niliyemfikisha.

"Siku utakuya kunikamata tuende Goma," akasema, na sauti ilikuwa ya chini, ya kwangu peke yangu, "jiwe itakuwa apa. Nitapanda."

Tulilisogeza mimi na mama mkubwa mpaka penye mlango usiokuwapo. Mama akalikalia. Niliingia garini, nikawasha, nikamtazama kupitia dirisha la kushoto, juu ya kiti chake. Aliniinulia fimbo.

"Genda," akasema. Ilikuwa ile ya kumuaga mtu, si ile ya lori, lakini neno ni hilohilo.

Nikaenda. Buti lilikuwa tupu na gari lilikuwa juu. Nilipita kwenye mgongo wa Kibumba bila kugusa hata kokoto. Mbele kidogo nikalikuta lori la makala, limejaa mpaka juu, linatambaa, vumbi jeusi linamwagika kutoka kwenye magunia. Nilisogea kushoto kuchungulia, nikaona lori. Nikasogea zaidi, taa zikanimulika usoni, nikarudi haraka. Wa nyuma yangu wakaanza kupiga honi, kisha mmoja mmoja wakanipita. Nilifunga dirisha langu, nikaenda nyuma ya lori lile mpaka Goma, kwa sababu sikuwa na mtu wa kuniambia genda.